Mstari wa Chaki Kwenye Kioo

Fremu za maduka ya mtaa wetu hazina vioo. Asubuhi tunafungua geti la chuma, tunatoa mzigo nje, tunautundika juu, tunaupanga chini mpaka ukingoni mwa mtaro, na mteja anaingia akiwa ameinama kati ya vitenge. Kwa hiyo duka la kubeti lilipofunguliwa mkabala na langu, kilichonishangaza kwanza hakikuwa kubeti, kilikuwa kioo. Walivunja ukuta wa mbele wa fremu mbili, wakaweka kioo kitupu kuanzia sakafuni hadi juu. Nyuma yake wakapanga viti, wakatundika runinga ukuta mzima, na mwisho kabisa wakajenga kaunta ya kukatia mikeka, yaani zile karatasi zenye mechi alizobashiri mtu. Aliyekaa mle ndani alionekana kama andazi kwenye kabati la mgahawa.

Mimi nauza vitenge na kanga. Duka nililirithi kwa mama, aliyeshuka kutoka Kilimanjaro akiwa binti, na bado naishi ghorofani juu ya duka hilohilo, jambo ambalo katika Kariakoo ya sasa limekuwa nadra. Biashara hii inamtaka mtu akae mlangoni atazame barabara. Usipotazama barabara humwoni mteja, na humwoni mwizi. Ndiyo maana mambo haya niliyaona yote bila kuyatafuta.

Barazani kwangu, upande wa kulia wa mlango, anakaa fundi cherehani. Mama ndiye aliyempa nafasi, zamani, alipofika kutoka Newala na cherehani yake imefungwa kwenye gunia. Utaratibu wetu ni ule wa maduka yote ya vitenge: mteja akishanunua, anageuka tu, anapimwa palepale barazani, anaacha kitambaa. Kwa hiyo sifa ya fundi ni sifa ya duka, na fundi akichelewesha nguo anayeulizwa ni mimi. Shule zikikaribia kufunguliwa anashona sare. Watoto wa shule yetu ya msingi karibu wote wamewahi kusimama mbele yake, mikono imenyooshwa pembeni, huku akiwaambia wasipumue.

Ananiita dada. Mke wake, kwa hiyo, ananiita wifi, na mimi namwita wifi vilevile. Wanaishi Buguruni, chumba cha kupanga. Asubuhi wifi anachoma vitumbua pale Buguruni, na vikiisha anapanda gari kuja Kariakoo na chakula cha mchana cha mumewe kwenye hotpoti iliyofungwa kwa kanga.

Fundi alianza kuvuka barabara siku za mpira. Hilo sikulishangaa, nusu ya mtaa ilivuka. Baadaye akawa anavuka hata siku ambazo hakuna mpira. Nilimwona akitazama mbio za mbwa wa kuchorwa, mbwa wasiochoka, wanaopangwa upya kila wanapomaliza. Cherehani ilikaa imefunikwa kitambaa kama mgonjwa. Mteja akija nilikuwa namwita kutoka mlangoni kwangu, naye anageuka kwenye kiti chake kule nyuma ya kioo, ananiona, ananyanyuka.

Wifi alipogundua, nilijiandaa kwa kelele. Mtaa wetu una historia ya kelele za namna hiyo, ndoo na ndala zimewahi kuruka. Hakupiga kelele. Siku ile alikaa kwenye kigoda changu, hotpoti mapajani, akamtazama mumewe kule ng'ambo mpaka mbwa walipomaliza.

"Wifi," akaniambia, "mama yangu alimtafuta baba yangu maisha yake yote. Leo kwa muuza pombe huyu, kesho kwa yule. Sisi watoto tunamfuata nyuma na kibatari. Mimi nilisema sitakuja kumtafuta mwanamume."

"Sasa utamkataza?"

"Mtu mzima anakatazwa? Nimwone tu. Siku nikija hapa nisimwone, nachukua wanangu nakwenda kwetu. Nimeshamwambia."

Walipatana jambo ambalo mpaka leo naliona la akili kuliko mengi niliyoyasikia kwenye vikao. Fundi hakuahidi kuacha. Aliahidi kukaa kiti cha dirishani, kile kilichogusana na kioo, na kutokaa kingine chochote. Wifi akija anasimama mlangoni kwangu. Haiti, hapungi mkono, anasimama tu. Fundi akimwona, anatoka.

"Dada, mimi kujizuia siwezi," aliniambia mwenyewe akitunga uzi. "Nadanganya mtu ili iweje? Lakini nikimwona mama watoto amesimama pale na hotpoti, miguu inanyanyuka yenyewe."

Na kweli ilinyanyuka. Mara nyingine aliinua kidole kimoja nyuma ya kioo, maana yake mbio moja tu, ya mwisho. Wifi hakujibu kidole. Mbio ile ikiisha fundi alivuka barabara, akanawa, wakala pamoja barazani, na mchana uliobaki cherehani ililia. Nguo zilichelewa, lakini zilitoka.

Shida ilianzia kwa watoto. Wakitoka shule walisimama mbele ya kioo kile, mabegi mgongoni, pua zimebanwa, wanatazama runinga. Mlinzi akiwafukuza wanahamia upande wa pili wa kioo. Hakuna aliyeingia, masharti yanakataza watoto kuingia, na mlinzi hakuwa na mchezo. Lakini kioo hakina mlango. Walichokihitaji walikichukua kwa macho.

Mkutano wa mtaa ulifanyika uani, nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Tulizungumza taka, tukazungumza taa, tukafika kwenye mengineyo. Mama mmoja akasimama.

"Mwenyekiti, mwanangu wa darasa la nne ana kampuni."

Watu wakacheka.

"Msicheke. Anakata mikeka kwenye daftari la hisabati. Wenzake wanabeti ubuyu. Nimeinua godoro nimekuta ubuyu wa kuuza jumla!"

"Mpe fremu!" mtu akapiga kelele nyuma, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Lakini kilikwisha haraka, maana wengi pale walikuwa na watoto shule hiyohiyo, na baadhi yao bila shaka walikuwa wanafikiria magodoro ya nyumbani kwao.

Wengine walitaka duka lifungwe. Mwenyekiti, mzee mstaarabu anayependa vikao viishe kabla ya adhuhuri, akaeleza kwamba kufunga hakuko mikononi mwetu. Kibali cha mchezo kinatoka juu, leseni ya biashara inatoka manispaa. Sisi mtaa tunaweza kulalamika, na tunaweza kuomba sharti.

"Basi tuombe wafunike!" alisema jirani yangu muuza vyombo, mzee mwenye sauti ya kuita wateja. "Kitu cha aibu kinafunikwa! Kwa nini watuwekee uchi wao barabarani?"

Pale ndipo kikao kilipokubaliana kwa moyo mmoja. Sisi ni watu wa pazia. Mlango una pazia, chakula kina kawa, mwanamke ana kanga ya akiba begani ya kumsitiri mwenzake likitokea la kutokea. Ukituambia kitu ni kibaya, mkono wetu unatafuta cha kukifunika kabla akili haijauliza kitu. Kulikuwa na hoja ya kweli, watoto walikuwa wanaona wasichostahili kuona. Mwenyekiti aliuliza wanaokubali. "Mikono yote juu? Mko kama mmekamatwa," akasema, akafurahi. Wangu ulikuwa juu pia.

Meneja wa duka la kubeti, kijana wa shati la kuchomekea, alikuwa amealikwa. Nilitegemea abishe. "Hata kesho, mwenyekiti," akasema. "Sisi ni watiifu." Kukubali kwake upesi vile kulinikaa kichwani kama jiwe kwenye kiatu, lakini sikujua kwa nini.

Wifi hakuwepo, wala fundi. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi. Mchana mtaa wetu una umati wa kutosha kujaza uwanja, wachuuzi, wapagazi, mafundi, wateja kutoka mikoani. Jioni mageti yanashuka na tunabaki kaya za kuhesabika. Sisi tunaobaki ndio tunaoamua jinsi mchana utakavyokuwa.

Stika ilibandikwa wiki ileile. Nyeusi, nzito, yenye picha ya mpira unaowaka moto, kutoka chini mpaka juu. Mlangoni wakaweka pazia la plastiki. Manispaa walipita, wakaridhika, wakaiandika kuwa sharti la leseni. Watoto walikuja siku ya kwanza, wakatazama ule mpira, wakaenda zao. Kwa upande huo sharti letu lilifanya kazi, na nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo.

Upande mwingine niliuona kwenye viatu. Mlangoni pa duka lile, chini ya pazia, nilianza kuona viatu vya ngozi. Kabla ya hapo walioingia walikuwa vijana wa mizigo na wachuuzi, watu ambao hawana nafasi ya kuwa na aibu mchana kweupe. Sasa waliingia wenye maduka. Waliingia watu wazima waliokuja kwa gari na kuegesha mtaa wa pili. Jirani yangu muuza vyombo, aliyetaka kitu cha aibu kifunikwe, nilimwona akitazama kushoto, akitazama kulia, akipotea nyuma ya pazia kama mtu anayeingia maliwatoni.

"Siku hizi tunapokea waheshimiwa," mlinzi aliniambia akinunua kitenge cha mkewe. "Stika imetuletea baraka."

Siku ya kwanza ya stika wifi alikuja saa yake ileile. Alisimama mlangoni kwangu, hotpoti mkononi, akatazama ng'ambo. Kioo kilikuwa cheusi na jua lilikuwa upande wake, kwa hiyo alichokiona ni mwanamke aliyesimama na hotpoti. Alijitazama vile kwa muda.

"Yumo?" akauliza.

"Yumo. Nimemwona akiingia."

"Kiti gani?"

Sikujua. Na yeye fundi, kule ndani, hakujua kuwa mkewe amefika. Alitoka mwenyewe alasiri, chakula kimepoa, akakuta wifi amesinzia kwenye kigoda changu.

"Nilikuwa kilekile cha dirishani, wallahi," akasema.

"Nitajuaje?" wifi akamjibu. "Nimesimama hapa kama nasubiri basi."

Baada ya hapo nilishuhudia mtu akipotea huku amekaa mahali palepale. Fundi hakubadilika kwa kupenda. Alikosa tu wa kumnyanyua. Kiti cha dirishani bila dirisha ni kiti kama vingine, na siku si nyingi akaniambia kwamba mashine za pembeni, zile za kubonyeza, zina bahati zaidi. Nilimwita kutoka mlangoni, hakunisikia. Nikawa namtuma mlinzi amwambie kuna mteja. Mama mmoja aliyeacha vitambaa vya sare za sendofu, sherehe ya kumuaga bintiye anayeolewa, alikuja siku ya kuchukua, akakuta magauni hayana mikono.

"Dada, kina shangazi wavae hivi?" aliniuliza, ameinua gauni moja mbele ya wateja wangu wote. "Au huu ni mtindo mpya?"

Nilitafuta fundi mwingine mtaa wa nyuma, akamalizia. Lakini ile sauti ya "au huu ni mtindo mpya" ilibaki dukani.

Wifi aliniambia mpango wake bila kulia. Shule zikifungwa, anawachukua watoto, wanakwenda kwao Newala, maana yeye na mumewe ni wa hukohuko. "Sijaachwa na sijaacha," alisema. "Nilimwambia nikija nisimwone. Sasa nakuja, simwoni. Kuna cha kujadili?"

Hata hivyo alijaribu. Alikwenda kwa mwenyekiti, na mimi nilimsindikiza, maana nilikuwa na mkono wangu katika jambo lile.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mama. Sema."

"Naomba ile stika itoke."

Mwenyekiti akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Wewe mkazi wa wapi?"

"Buguruni."

"Malalamiko ya makazi unayapeleka kwa mwenyekiti wako wa Buguruni."

"Mume wangu anapotelea hapa kwako, nikamlilie Buguruni?"

Mwenyekiti alicheka, si kwa ubaya. Akaeleza kwa upole kwamba uamuzi ni wa mkutano, manispaa wameshaupokea kama sharti, na kwamba stika ile iliwekwa kwa ajili ya watoto. "Wewe si mzazi?" akamuuliza. Wifi akasema ni mzazi, na kwamba hilo ndilo lililomleta. Hatukuelewana. Kila mmoja wao alikuwa na haki, na ofisi ile ilikuwa na nafasi ya haki moja kwa wakati mmoja.

Kesho yake wifi alifika na hotpoti, hakusimama mlangoni kwangu. Alivuka barabara moja kwa moja. Mlinzi akamwambia mama, huku ni kubeti. Akamwambia, "Mimi nina zaidi ya miaka kumi na minane, au huoni?" Akainua pazia akaingia.

Yaliyotokea ndani niliyasikia kwa watu wengi, kwa sababu walitoka wengi. Alimkuta mumewe kwenye mashine. Hakumgombeza. Alivuta kiti, akafungua hotpoti, harufu ya samaki wa nazi ikajaa mle ndani, akamnawisha mikono kwa maji ya chupa, wakala. Halafu, akiwa anakula, akaanza kusalimia.

Salamu ya Kiswahili ni kitu kirefu. Mtu hawezi kuikataa, na hawezi kuijibu nusu. Wifi alipita duka zima akiwa amekaa palepale. "Shikamoo baba. Kumbe na wewe upo? Mama hajambo nyumbani? Watoto? Yule aliyekuwa na homa anaendeleaje?" Kwa muuza vyombo alikawia zaidi. "Shikamoo baba yangu. Nilipita dukani nikaambiwa umekwenda hospitali. Unajisikiaje sasa? Nikirudi nimwambie mama umepata nafuu?"

Muuza vyombo alitoka huku anasema alikuja kuchenji hela tu.

Wifi alirudi kesho yake, na keshokutwa. Hotpoti ikawa kubwa zaidi, akawa anakaribisha na wengine. Vijana wa mizigo walimpenda. Wenye viatu vya ngozi walianza kuadimika. Meneja akamwita mwenyekiti, na mwenyekiti akaja akifuatana na afisa biashara wa manispaa, aliyekuwa kwenye ukaguzi wake wa kawaida. Kikao kikafanyika palepale kwenye ngazi, kati ya pikipiki na mkokoteni wa maji, mtaa mzima ukisikiliza.

"Huyu mama anaharibu biashara," meneja alisema.

"Anafanya fujo?" afisa akauliza.

"Hapana. Anasalimia."

"Anatukana?"

"Anasalimia, mheshimiwa! Anawauliza wateja habari za wake zao!"

Mwenyekiti aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Afisa, ambaye alikuwa kijana makini mwenye faili, alisema hajui sharti lolote linalomzuia mtu mzima kumletea mumewe chakula. Kisha akamuuliza wifi anataka nini hasa. Wifi akasema anachotaka ni yeye kusimama barabarani amwone mume wake, ili asilazimike kuingia humu, maana naye hapapendi.

"Na mimi nataka atoke," meneja akadakia. "Tukibandua stika atatoka?"

"Nitatoka leo."

"Watoto je?" alisema afisa. Na hapo wote wakageuka kutazama upande wa shule, kwa sababu watoto walikuwa bado wapo, na saa ya kutoka shule ilikuwa inakaribia.

Mwenyekiti ndiye aliyepata wazo, nadhani kwa sababu ya njaa. Stika ikatwe. Chini ibaki, juu iwe wazi. Mtoto akipita asione, mkubwa akipita aone. Afisa akafikiri, akasema linawezekana, ataliandika hivyo, lakini mpaka wapi? Mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la saba si urefu mmoja.

"Fundi si yupo?" mtu akasema. "Yeye ndiye anayewashonea."

Basi fundi akaitwa kutoka ndani, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni, chaki sikioni, kama mtu aliyeitwa kazini na si kama mtu anayejadiliwa. Aliambiwa aweke mstari. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, na wifi alikuwa amevuka kurudi, yuko ubavuni kwangu, pale alipokuwa akisimama zamani.

Fundi hakuanza mara moja. Alikwenda kwenye kiti cha dirishani, akakaa, akatutazama kupitia mlangoni, ambako pazia lilikuwa limefungwa kando. Aliinua mkono akagusa utosi wake, akahamisha mkono mpaka kwenye kioo. Nikaelewa anachopima. Wifi naye alielewa, nikasikia pumzi yake. Mstari ukikaa chini ya pale, mtu aliyekaa anaonekana. Ukikaa juu ya pale, amefichika.

Afisa alikuwa anaandika. Mwenyekiti alikuwa anatazama saa. Fundi angeweka mstari popote na wangekubali.

Alisimama, akatoka nje. Alishusha futi kutoka kwenye kioo mpaka sakafuni, akaisoma, akaguna. Nadhani aliwaona wote mbele yake, mikono imenyooshwa pembeni, hawapumui. Akaweka chaki juu. Juu kuliko kichwa cha mtu aliyekaa. Akavuta mstari mweupe kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine, ulionyooka kama pindo.

"Wa darasa la saba siku hizi warefu," akamwambia afisa. "Mkikata chini ya hapa wataona."

Wifi aliokota kanga yake. "Umeona?" akaniambia. "Amejificha mwenyewe, kwa mkono wake." Alikwenda kituo cha daladala bila kumngoja.

Jioni fundi alirudi barazani kufunika cherehani. Nilikuwa na hasira naye, nikamwambia alichosema mkewe. Alikunja futi yake taratibu.

"Dada, wale ni watoto wa watu. Nimewapima mimi. Ningeweka chini ili mke wangu anione, halafu kesho mtoto wa mtu achungulie pale nilipopindisha mimi?"

"Na mkeo?"

"Nitasimama," akasema.

Sikumwamini. Kesho yake, stika ikiwa imekatwa kwenye mstari wake, nilitazama ng'ambo na kuona runinga, feni, na vichwa vya wale waliokuwa kaunta. Waliokaa wote walikuwa wamezama. Lakini kwenye kona ya dirisha kulikuwa na barakashee ya fundi, chini yake uso, na uso ule haukuelekea kwenye runinga, ulielekea barabarani. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti. Wenzake walimtania, niliona midomo. Nilisikia baadaye walimwita askari wa zamu.

Wifi alipofika alisimama, akamwona. Fundi alitoka.

Kusimama kunachosha. Hilo hakuna kanuni iliyoliandika, lakini niliona jinsi lilivyofanya kazi. Mtu aliyekaa anaweza kupoteza mchana bila kujua. Aliyesimama miguu inamkumbusha. Zilikuwepo siku alizovuka kurudi kabla mkewe hajafika. Zilikuwepo siku ambazo barakashee haikuonekana kabisa, kisha ikaibuka, alikuwa amechuchumaa kupumzika. Sitasema ameacha. Na siwezi kusahau kwamba chini ya ule mstari kuna wengine wengi waliokaa, siwaoni, na sijui wake zao wanasimama mlango wa nani.

Shule zilifungwa. Siku ile nilifungua duka mapema na sikuwa na akili ya biashara. Nilikata kitenge cha mteja vibaya, nikampa kipande cha bure. Adhuhuri wifi alitokea upande wa sokoni, akipita kati ya mikokoteni, na nilichotazama kwanza ni mikono yake. Ilikuwa na hotpoti. Akasimama mahali pake.

"Za saa hizi, wifi?" akanisalimia.

"Salama. Newala vipi?" nikamuuliza.

"Newala haihami," akasema, akitazama ng'ambo.

Fundi alikuwa amesimama kwenye kona yake. Alimwona. Akainua kidole kimoja.

Wifi alikitazama kile kidole. Kisha akaketi kwenye kigoda changu, akafungua kanga, akafungua hotpoti, akanawa, akaanza kula. Alikula bila haraka, tonge baada ya tonge, huku anamtazama. Kule ng'ambo, juu ya mstari, kidole kilishuka.

"Nimwachie kidogo?" akaniuliza, mdomo umejaa.

Fundi alikuwa tayari amefika katikati ya barabara, anampisha mpagazi mwenye mzigo.